Kalerwe Nzima Imeshanichunguza

Kabla sijapiga mswaki, Kalerwe imeshaniuliza habari za uke wangu. Haiulizi kwa adabu wala kwa sauti ya chini. Inauliza kwa spika iliyofungwa juu ya kigari cha kusukuma, kando ya barabara ya Gayaza, pale wanaposhusha matoke. Sauti yenyewe ilirekodiwa zamani na mwanamume mwenye mafua. Anataja muwasho, uchafu wa rangi hii na rangi ile, maji mengi, maji machache, mume anayehama chumba, uzazi uliofungwa na majirani. Kisha anataja bei, kisha anaanza upya. Wanangu wanakunywa chai wakimsikiliza. Mdogo wao, wa miaka sita, aliniuliza juzi sisi uzazi wetu umefungwa na jirani yupi, maana wa kulia ndiye aliyemnyang'anya mpira.

Spika ikichoka, wapo watu. Mimi ni mwana wa Tanga niliyeolewa Buganda. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi, kazi ambayo tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022 imenipa heshima nyingi na mshahara uleule. Mambo ya mwali na somo wake nayajua. Kwetu nilifundwa nikafundika, na ya ndani yalibaki ndani. Huku kazi ya somo anaifanya senga, shangazi wa upande wa baba, ila senga wa Kampala siku hizi ana kipindi redioni, na watu wanampigia simu usiku huku dereva wa taksi akiongeza sauti. Senga wa mume wangu, siku ya kwanza kuniona, aliniuliza maswali ambayo mama yangu mzazi hajathubutu kuniuliza mpaka leo. Akagundua kwamba sisi wa pwani hatukupelekwa kichakani kufanya yale wanayofanya mabinti wa Kiganda kabla ya kuolewa. Akanitazama kwa huruma, kisha akamtazama mpwa wake kwa huruma zaidi.

Mama mkwe naye ana udongo wake wa emumbwa, ule uliofinyangwa na majani ya dawa, unasugua kwenye maji unakunywa. Kwake unatibu mimba, kutokuwa na mimba, na baada ya mimba. Halafu yupo Nalongo anayeuza kabichi, rafiki yangu wa kweli, ambaye amezaa pacha na kwa sababu hiyo anajiona bingwa wa nyonga zote za wilaya hii.

Kwa hali hiyo ungedhani mwanamke wa Kalerwe ndiye aliyekaguliwa kuliko wote Afrika Mashariki. Wapi! Wote hao wanasema, hakuna aliyetazama. Na mtu mmoja tu aliyesomea kutazama, mwenye taa, glavu na kiti chenye magurudumu, ndiye tunayemkimbia mpaka tunapotea njia.

Tena hatuna hata kisingizio cha umbali. Nikisimama mlangoni naona kilima cha Mulago. Huko kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda, ipo tangu 1967. Kuna hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga, vitanda 450, iliyofunguliwa 2018. Ukishika barabara ya Bombo unakutana na hospitali ya rufaa ya Kawempe. Ukikata kuelekea Kamwokya kuna Reproductive Health Uganda, shirika lililoanza 1957 kwa jina jingine, likihubiri uzazi wa mpango kabla bendera ya nchi haijapandishwa. Tumezingirwa. Mvua ikinyesha na mfereji wa Nsooba ukafurika, maji yenyewe yanajaribu kutusukuma kuelekea kwa daktari, nasi tunashikilia nguzo za vibanda.

Mimi nilishikilia nguzo yangu kwa miaka mingi na sikuona tatizo. Walioniponza ni watoto wa shule.

Mwezi wa Aprili na Oktoba wauguzi huja shuleni na mabegi ya barafu. Tangu mwishoni mwa 2015 Uganda nzima huchanja wasichana wa miaka kumi dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Kazi yangu siku hiyo ni kupanga mstari, kufukuza wavulana dirishani na kusema uongo kwamba sindano haiumi. Wazazi wengine huwa wameshawaambia mabinti kwamba chanjo hii inaua uzazi, hivyo napokea machozi ya aina mbili, ya sindano na ya wajukuu ambao hawatazaliwa. Nikawa natoa hotuba yangu, nikisimama wima kama mkuu wa mkoa: mabinti, mwili wako ni mali yako, kinga ni bora, usiogope kitu kisicho na meno. Binti mmoja mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wewe umepimwa?"

Muuguzi akaacha kufungua sindano. Mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye huwa hasikii hata kengele, akasikia. Nikajibu kwamba swali ni zuri na tutalijibu kipindi kijacho. Muuguzi hakukubali mambo ya kipindi kijacho. Akaniambia mbele ya watoto kwamba mwongozo wa Wizara ya Afya unataka mwanamke wa miaka 25 hadi 49 apimwe kila baada ya miaka mitatu, na anayeishi na virusi vya Ukimwi kila mwaka. Akaniuliza nina miaka mingapi. Hapo watoto wote walinyamaza, kimya ambacho sijawahi kukipata nikifundisha ngeli.

Baadaye nilisoma kwamba hata Shirika la Afya Duniani lina mpango nami. Novemba 2020 walitangaza kwamba ifikapo 2030, wanawake saba katika kila kumi wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri kabla ya kutimiza miaka 35, na tena kabla ya 45. Mimi 35 niliipita kitambo na hakuna mtu wa Geneva aliyenipigia simu. Simu zao huwa zinapigwa wapi? Namba yangu hata wauza viwanja wa Mukono wanayo.

Nikamwambia Nalongo kwamba nakwenda kupimwa. Alishusha kabichi. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeona, kwamba wanatoa kizazi kizima, wanakiweka juu ya sinia, wanakigeuza geuza, kisha wanakirudisha. Na kwamba kuna mwanamke wa Bwaise waliyemrudishia cha mwenzake. Nikamuuliza alijuaje si chake. Akasema watoto waliofuata walianza kufanana na watu wa Bwaise ya juu. Hajjati wa viazi, upande wa pili wa meza, yeye hakupinga sinia. Alichopinga ni kwamba kupima ni kuita ugonjwa. Ukiutafuta unakuja. Nikamwambia Hajjati, mbona mwizi wa viazi hujamtafuta na anakuja kila usiku? Hatukusalimiana siku mbili.

Hofu yao siicheki sana, niseme ukweli. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliweka wagonjwa wapya karibu 7,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 4,600. Kila familia sokoni hapa ina shangazi aliyepanda kile kilima akiwa amechelewa, na mtu akishachelewa, anachokumbuka jirani ni kwamba alikwenda hospitali akafa. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika, wagonjwa wengine ilibidi wapelekwe Nairobi. Habari kama hiyo haisahauliki Kalerwe. Ila hakuna anayesimulia kuhusu mwanamke aliyepimwa, akaambiwa hana kitu, akapita sokoni kununua nyanya. Hadithi yake haina sinia.

Haya, maandalizi. Muuguzi wa shule aliniandikia masharti nyuma ya kadi ya chanjo. Usije ukiwa mwezini. Siku mbili kabla, mume akae upande wake wa kitanda. Usijiingize dawa wala kujisafisha ndani kwa chochote: sabuni, ndimu, maji ya majani, zile dawa za kigari, vyote marufuku, kwa kuwa vinafuta au kuchafua kile wanachokuja kukitazama, na kwa kuwa uke hujisafisha wenyewe. Hilo la mwisho nilimsomea mama mkwe. Akasema basi na meno yajisafishe yenyewe. Vaa sketi, uje na leso.

Mume wangu aliposikia sharti la siku mbili alitaka kujua wizara gani imelipitisha. Kisha akauliza swali ambalo waume wote wa dunia hii walipewa pamoja na ndevu: "Daktari ni mwanamume?" Nikamwambia sijui, na kama ni mwanamume naweza kuomba mhudumu wa kike awepo chumbani, ni haki yangu. Akatulia. Baada ya muda akauliza kama yule mhudumu wa kike naye ameolewa. Mpaka leo sijui alikuwa anatafuta nini katika swali lile.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, kwa kuwa inabidi nirudi. Huduma yenyewe ni bure. Vituo vya serikali viliacha kutoza ada mwaka 2001. Glavu zilikuwa zimeisha, basi nikatumwa dukani, nikanunua glavu za mtu atakayenipima, za ukubwa wa mkono ambao sijauona. Muuza duka akaniuliza, "Za ukubwa gani?" Nikasema za mtu mpole.

Kisha foleni. Wataalamu wanaandika kurasa na kurasa juu ya kile kitanda, na juu ya benchi hawaandiki neno, ilhali kitanda ni dakika na benchi ni maisha. Unakaa, unasogea, unakaa, unasogea, unajua joto la kila makalio yaliyokutangulia. Kwanza linakuja somo la afya la asubuhi, linalotolewa na kijana mwenye uume wa mti mkononi, anaonyesha namna ya kuvaa kondomu bila kutabasamu hata kidogo. Alinipa mfano wa mwalimu ninayetamani kuwa. Akisha kumaliza, karani anatoka na daftari na kupaza sauti, nayo ikavuka ua, ikavuka ukuta, ikawafikia bodaboda nje: "Wa kookolo, huku!"

Yaani wa saratani. Bibi niliyekuwa namweleza vizuri tu kwamba nimekuja kuchunguzwa, mzima wa afya, mwalimu, mama wa watoto watatu, aliniangalia akanishika kichwa akaniombea papo hapo. Nilipofungua macho, walio karibu yangu walikuwa wamenipisha nafasi nzuri ya kukaa, na mmoja alikuwa ananipa ndizi. Ndizi niliila.

Ndani ya chumba cha kwanza kuna maswali. Mwezi wako wa mwisho ulianza tarehe ngapi? Mimi nakumbuka alama za kila mtoto wa darasa la nne, nakumbuka deni la Nalongo la mwezi wa Ramadhani, lakini tarehe hiyo ilipotea kabisa. Mjiandae nayo, dada zangu, iandikeni hata kwenye kalenda ya ukutani. Ulianza ukiwa na miaka mingapi, mimba ngapi, zilizo hai ngapi, zilizotoka ngapi. Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Unatoka damu baada ya tendo? Kuna maumivu? Kuna uchafu wenye harufu? Mume ana wengine? "Sijui," nikasema. Akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu, na tangu siku ile nataka kujua aliandika nini.

Wakanipima uzito, hadharani. Wakanipima presha. "Presha yako imepanda kidogo, nyabo," yaani bibie. Nimekaa benchini tangu asubuhi, nimeombewa, nimepewa ndizi ya msiba wangu mwenyewe, halafu nishangazwe na presha! Wakanishauri pia kipimo cha virusi vya Ukimwi, nikakubali, kinachukua tone la kidole na dakika chache. Kisha wakaniambia nikakojoe. Hilo halielezwi vya kutosha: kibofu kikijaa, watakapobonyeza tumbo utasaliti siri ya chai yote uliyokunywa.

Musawo mwenyewe, yaani daktari kwa Kiganda, alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na pembeni yake msichana mwanafunzi. Aliniuliza kama namruhusu mwanafunzi abaki. Kumbe unaweza kukataa! Sikukataa, mimi ni mwalimu, naonea huruma kila anayejifunza. Akaanza na matiti, mkono juu ya kichwa, vidole vinazunguka taratibu mpaka kwapani, akinieleza nifuatilie nini nyumbani: uvimbe, ngozi kuvutika, chuchu kutoa maji. Halafu akasema, "Vua chini, tandika leso, panda."

Niseme kidogo kuhusu ile leso. Nilitoka nyumbani gizani, umeme haukuwapo, nikavuta leso ya kwanza kwenye sanduku. Nimeitandika, nimepanda, nimelala, miguu nimeikunja, magoti yanatazama pande mbili kama yamegombana, na nusu ya leso nimejifunika nayo. Yule mwanafunzi, mtoto wa kizazi cha Kiswahili mashuleni, akainama akaanza kusoma yaliyoandikwa, kwa silabi, kwa sauti, kama nilivyowafundisha wengi: "U-SI-NI-CHU-NGU-ZE YA-NGU, CHU-NGU-ZA YA-KO."

Nilizawadiwa na wifi yangu wa Tanga tulipokuwa na ugomvi. Musawo akauliza maana yake nini. Mwanafunzi akamwambia, vizuri kabisa, kwa Kiganda. Musawo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nyabo," akasema, "sasa tufanyeje?" Nikasema tuendelee.

"Sogea chini." Nikasogea. "Sogea tena." Nikasogea. "Bado, nyabo." Mwanamke yeyote aliyepanda kitanda kile atakwambia: huwa unafika mahali unapohakikisha kwamba kitanda kimekwisha na sasa umekaa juu ya hewa ya Kampala, na hapo ndipo wanaposema "hapo hapo." Kisha likaja neno wanalolipenda kuliko yote: legea. Legea! Taa inakumulika mahali ambapo jua halijawahi kufika, mlango una kitasa kibovu kinachozuiwa na ndoo, nje karani anaita kookolo, nawe ulegee. Alinifundisha kupumua kwa mdomo na kuachia makalio yazame kitandani. Nakiri kwamba ilisaidia, ingawa nilichukia kusaidiwa.

Chombo chenyewe kinaitwa spekulamu, domo la bata la chuma. Yapo ya plastiki pia. Linaingia limefumba, linafumbuka ndani taratibu, skrubu inalizuia lisifumbe, na musawo anaona mlango wa kizazi kwa macho yake. Unahisi baridi na msukumo. Maumivu makali si sehemu ya huduma. Ukiyapata sema, wapo wenye domo dogo zaidi, na ukisema acha, wanaacha. Wangu alikuwa amelipitisha kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Mungu amlipe.

Nilikuwa nimesoma habari za chombo hicho, kosa la walimu kusoma kila kitu. Daktari Mmarekani aitwaye James Marion Sims, huko Alabama miaka ya 1840, alikunja kijiko akatengeneza domo la namna yake, akajifunza upasuaji kwa wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Watatu majina yao yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Yeye akapewa sanamu New York. Ikaja kuondolewa kwenye bustani ya Central Park Aprili 2018. Nimelala pale nikiwawaza wale mabibi watatu, nikaona haya kulalamika juu ya ndoo ya mlangoni. Haya ilikaa kidogo tu, kwa kuwa musawo alianza kunisemesha.

Sijui wanafundishwa wapi hili. Domo limefumbuka, mimi natazama dari na kuhesabu madoa ya uvujaji, yeye ananiuliza, "Shule yenu ada ni kiasi gani kwa muhula?" Nikamwambia. "Chakula ndani?" Ndani. "Na mnapokea P.4 katikati ya mwaka?" Yaani darasa la nne. Nikajikuta napanga nafasi ya mjukuu wa mtu katika hali ambayo mkuu wa shule asingeitambua kama saa za kazi. Nadhani ilikuwa makusudi. Wakati najibu swali la sare, alikuwa ameshapaka.

Alichopaka ni asidi ileile iliyomo katika siki, imezimuliwa, kwa pamba. Unasubiri kama dakika moja. Seli zenye mabadiliko hugeuka nyeupe; zilizo salama hubaki na rangi yake ya waridi. Hicho ndicho kipimo kinachotumika sana kwenye vituo vyetu, kwa kuwa hakihitaji maabara, na majibu unapata ukiwa bado unatafuta viatu. Inawasha kidogo. Chumba kizima kilinuka kibanda cha chipsi, na mimi, baada ya saa zote zile na ndizi moja, niliona njaa waziwazi. Tumbo likanguruma. Mwanafunzi aliandika kitu. Nani amewafundisha hawa watu kuandika andika?

Mahali pengine hutumia kile cha Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia New York, wanakwangua seli kwa brashi na kuzipeleka kwenye darubini. Alianza kutangaza kazi hiyo 1928, na mkewe Andromachi alimpa sampuli zake kwa miaka mingi. Miaka mingi! Mimi wangu akiniomba nimshikie tochi atengeneze redio nachoka. Na kipya zaidi ni kupima virusi vyenyewe vya HPV, ambapo mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa usufi mrefu, mlango umefungwa, leso yoyote. Hapo Kisenyi, katikati ya mji huuhuu, watafiti walishapita nyumba kwa nyumba wakiwapa wanawake nafasi hiyo. Kisenyi ndiyo, Kalerwe tukae na benchi. Nimelisema na nitalirudia.

Baada ya domo kutoka, vidole viwili ndani, mkono mwingine juu ya tumbo, anapima ukubwa wa kizazi, anatafuta uvimbe, anagusa upande wa ovari kulia na kushoto. Anauliza kama kuna maumivu. Nikasema hapana. "Vaa, nyabo." Basi. Nilibaki nimelala nikisubiri yaliyobaki, maana kwa hofu niliyoibeba miaka yote ile, niliona nimepunjwa.

Akaniambia hakuna weupe, nirudi baada ya miaka mitatu, nikiona matone ya damu leo nisiogope, yakizidi nirudi. Nikauliza ingekuwaje kama weupe ungekuwapo. Akasema madoa mengi hutibiwa palepale, kwa kuyachoma kwa kifaa chenye joto au kuyagandisha, unakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Hayo si saratani bado, yanachukua miaka kufika huko, na ndiyo maana wanayatafuta mapema. Yenye shaka zaidi hupelekwa mbele, wanachukua kinyama kidogo kwa maabara. Kisha akaniuliza tena kuhusu yule mjukuu wa P.4. Nikamwandikia namba ya shule.

Nilirudi Kalerwe saa tisa na nusu, nikanunua chipsi kabla ya yote. Nalongo alinizunguka mara moja, akanitazama mwendo. Kisha akadai ripoti, na Hajjati akasogea, akisahau kwamba hatusalimiani.

"Wameona nini?"

"Hawajaona kitu."

"Kitu chochote?"

"Niko mzima."

Nalongo alikunja uso. Siku nzima, akasema, glavu zako, nauli yako, siku ya kazi, na mwisho hawajaona kitu? Na wewe umekubali ukaondoka? Kwa mtazamo wake, muuza emumbwa hata kama hajui kitu, hakuachi uondoke mikono mitupu. Lazima akukutie walau jirani mmoja mbaya. Hajjati alitaka kujua kama ile karatasi ya majibu naweza kumwonyesha. Nikamwonyesha. Akaishika mbali na viazi ili isichafuke, akaisoma juu chini, ingawa maandishi ya musawo hayasomeki na kiumbe yeyote, akanirudishia, akauliza kama yule musawo ni mwanamke kweli.

Mama mkwe alipopata habari alisema ni emumbwa wake ndio ulionitunza. Mume wangu aliuliza siku mbili zimekwisha saa ngapi.

Wiki iliyopita Nalongo alinivuta pembeni, nyuma ya magunia, akanong'ona kwamba Alhamisi kabichi huwa chache na anaweza kupata mtu wa kumwangalizia meza. Hakusema anakwenda wapi na mimi sikuuliza. Alichotaka ni leso, maana zake ni za wageni. Nikamwambia ninazo nyingi, nyingine zina maua tu, achague. Akataka ile ile iliyokuwa imenipa bahati ya kutoonekana kitu. Nikamsomea maandishi, nikamtafsiria polepole, nikamweleza na matata ya mwanafunzi. Akaikunja akaitia kwenye mfuko wa aproni. Akiulizwa, akasema, atawaambia ni ya jirani.